Sindano ya Ganzi na Pumzi ya Mgonjwa Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzani

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyotolewa hospitalini kwa wakazi, wahamasishaji wa afya ya jamii na jamaa za wagonjwa. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mtu anapoambiwa kwamba anahitaji kupasuliwa, swali lake la kwanza huwa ni hili: "Nitaumia?" Ni swali la haki. Lakini kwa mgonjwa mwenye mwili mkubwa kuna swali la pili ambalo wachache huliuliza. Dawa atakayopewa ya kutuliza maumivu itafanya nini kwa pumzi yake usiku ule wa kwanza? Mazungumzo ya leo yanahusu maswali hayo mawili, pamoja na sindano ya ganzi inayosaidia kuyajibu yote.

Nani hufanyiwa upasuaji huu

Unene hupimwa kwa kipimo kiitwacho BMI. Chukua uzani wa mtu kwa kilo, ugawanye kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mama mwenye kilo 118 na urefu wa mita 1.60 ana BMI ya karibu 46. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 na zaidi kuwa uzani uliopita kiasi, na 30 na zaidi kuwa unene wa kupindukia.

Jambo hili haliko mbali na nyumba za Wakenya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya kila 3 wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Wengi wao watahitaji tu kubadilisha lishe, kutembea zaidi na kufuatiliwa kliniki. Upasuaji ni wa wachache ambao njia hizo zimeshindwa kuwasaidia na ambao afya yao inaharibika kwa kisukari, shinikizo la damu au magoti yaliyochoka kubeba mwili. Mnamo 2022, chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani na shirikisho lao la kimataifa walitoa mwongozo unaosema kwamba mtu mwenye BMI ya 35 na zaidi anaweza kupendekezewa upasuaji hata kama hana ugonjwa mwingine. Mwenye BMI ya kati ya 30 na 35 aliye na ugonjwa kama kisukari naye anaweza kufikiriwa.

Aina mbili ndizo hufanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, na kuacha mfuko mwembamba kama mkono wa shati. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo hilo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kipite njia fupi. Siku hizi kazi hii hufanywa kupitia matundu madogo, kwa kawaida 4 hadi 6, yenye upana wa milimita 5 hadi 15 hivi. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi kwa kutumia kamera.

Maumivu hutoka wapi

Watu husema, "Matundu ni madogo, basi hakuna maumivu." Maumivu yapo, ila ni machache kuliko ya mpasuo mrefu. Hutoka sehemu tatu.

Kwanza, ngozi na misuli ya ukuta wa tumbo pale vifaa vilipopita. Haya ni maumivu makali ambayo mgonjwa anaweza kuyaonyesha kwa kidole, na huzidi anapokohoa au anapoinuka kitandani.

Pili, ndani kabisa, pale tumbo la chakula lilipokatwa na kushonwa. Haya ni mazito na hayana mahali maalumu, na mara nyingi huja na kichefuchefu.

Tatu, bega. Gesi iliyotumika husumbua kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na ubongo husoma maumivu hayo kana kwamba yanatoka begani. Wagonjwa wengi hushtuka na kudhani moyo umepata shida. Kwa kawaida maumivu hayo huisha baada ya siku chache. Hata hivyo, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni mambo ya kumwambia muuguzi papo hapo.

Hatari mbili zinazokabili mwili mkubwa

Kwa miaka mingi, dawa kuu ya maumivu makali ya upasuaji imekuwa mofini na jamaa zake, kama vile pethidini. Ni dawa nzuri na bado zinahitajika. Lakini zina tabia moja ambayo kila familia inapaswa kuijua: hupunguza msukumo wa ubongo wa kupumua, na huongeza usingizi.

Kwa mtu mwenye mwili mkubwa tabia hiyo ina uzito zaidi. Akilala chali, mafuta ya tumbo husukuma kiwambo juu na mapafu hubaki na nafasi ndogo. Mafuta yaliyo shingoni huibana njia ya hewa. Tena wengi wana tatizo la pumzi kukatika usingizini: mtu hukoroma kwa nguvu, kisha kimya kwa sekunde kadhaa, halafu hushtuka na kuvuta hewa kama aliyeibuka majini. Tafiti nyingi za wagonjwa wanaojiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzani zimelipata tatizo hili kwa zaidi ya nusu yao, na wengi hawakuwa wakijua kwamba wanalo.

Nyumbani, ubongo humwamsha mtu huyu pumzi inapokatika. Akiwa na mofini nyingi mwilini, ubongo unaweza kuchelewa kumwamsha. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Hatari ya pili ni kumnyima dawa kwa kuogopa hiyo ya kwanza. Mgonjwa anayeumia hupumua juu juu. Hakohoi, kwa hiyo makohozi hukaa mapafuni na nimonia huingia. Hataki kuinuka, kwa hiyo damu inaweza kuganda miguuni, na donge likisafiri hadi mapafuni laweza kuua. Kuna jamii zinazosifu uvumilivu, hasa kwa akina mama. Wodini baada ya upasuaji, kuvumilia maumivu kimya hakumsaidii mtu. Mgonjwa anatakiwa ayataje.

Sindano ya ganzi hufanya kazi vipi

Kila mtu aliyewahi kung'olewa jino anaijua ganzi. Dawa hudungwa karibu na neva, nayo huzuia ishara ndogo za umeme zinazobeba habari ya maumivu kwenda kwenye ubongo. Neva haikatwi wala haiuawi. Dawa ikiisha nguvu, neva hurudi kazini.

Historia yake ni ndefu. Mwaka wa 1884, daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeni ikidondoshwa jichoni huliondolea maumivu, na jicho likaweza kupasuliwa mgonjwa akiwa macho. Kokeni ilikuwa na hatari zake, ikatafutwa dawa bora. Mnamo 1943, mkemia Nils Löfgren wa Uswidi alitengeneza lignokeini, ambayo hadi leo iko karibu kila hospitali. Baadaye ikaja bupivakeini, ambayo hukaa muda mrefu zaidi.

Kwa upasuaji wa tumbo, hatua kubwa ilikuja 2001, pale daktari A. N. Rafi alipoeleza namna ya kupiga ganzi ukuta mzima wa tumbo kupitia ubavuni. Ubavuni kuna tabaka tatu za misuli zilizolaliana. Neva zinazohudumia ngozi na misuli ya tumbo hupita kati ya tabaka la pili na la tatu. Dawa ikimwagwa katika nafasi hiyo, hutandaa na kuzifikia neva kadhaa kwa pamoja.

Siku hizi mtaalamu hutumia mashine ya altrasaundi, ile ile inayotumika kuwaangalia wajawazito. Huona tabaka za misuli kwenye kioo, huona sindano ikiingia, na huona dawa ikitenganisha tabaka mbili kama maji yanayoingia kati ya kurasa za kitabu. Kwa upasuaji wa kupunguza uzani, ambao matundu yake mengi huwa juu ya kitovu, sindano huelekezwa chini kidogo ya mbavu, upande wa kulia na wa kushoto. Njia nyingine, iliyoelezwa 2016 na daktari Mauricio Forero na wenzake, huweka dawa mgongoni, chini ya misuli iliyo kando ya uti wa mgongo.

Ieleweke kwamba ganzi hii haichukui nafasi ya nusu kaputi. Mgonjwa hulazwa usingizi kamili, na mara nyingi ganzi hupigwa akiwa tayari amelala, kwa hiyo hasikii sindano. Pia si sindano ya uti wa mgongo ambayo akina mama wengi wameiona wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Haifi miguu, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mgonjwa anatakiwa kusimama na kutembea siku hiyo hiyo.

Ganzi hufanya kazi pamoja na dawa nyingine. Mgonjwa hupewa parasetamoli kwa saa maalumu, na dawa nyingine kulingana na hali yake. Mofini hubaki kama akiba ya maumivu yanayopenya. Miongozo ya kimataifa ya kumsaidia mgonjwa wa upasuaji huu apone haraka inapendekeza mpango wa namna hiyo: dawa kadhaa za njia tofauti, ganzi ikiwemo, ili mofini itumike kidogo iwezekanavyo.

Mipaka yake

Ni vyema kusema wazi yale ambayo ganzi haiwezi. Sindano ya ubavuni hutuliza maumivu ya ngozi na misuli. Haifiki vizuri kwenye maumivu ya ndani kabisa, wala haiondoi yale ya bega. Mgonjwa aliyepigwa ganzi na bado anahisi uzito ndani ya tumbo hajadanganywa.

Tena si lazima mashine iwepo ndipo mgonjwa asaidiwe. Daktari wa upasuaji anaweza kudunga ganzi moja kwa moja pale matundu yalipo, na tafiti kadhaa zilizolinganisha njia hizi mbili zimeona tofauti ndogo. Lililo muhimu ni kwamba ganzi itumike, na itumiwe na mtu anayeijua.

Nguvu ya sindano moja hudumu saa 8 hadi 12 hivi, wakati mwingine zaidi. Aliyepasuliwa asubuhi anaweza kujisikia vizuri hadi jioni, kisha maumivu yakamrudia usiku. Kwa hiyo asikatae vidonge vya jioni kwa kuwa "hakuna maumivu". Vidonge hivyo vinapaswa kuwa vimeanza kazi kabla ganzi haijaisha. Na wakati ngozi ingali imekufa ganzi, jamaa wasimwekee chupa ya maji moto tumboni. Ataungua bila kuhisi.

Hatari zipo, ingawa ni nadra. Dawa ikizidi au ikiingia kwenye mshipa wa damu, inaweza kuleta degedege au kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana kipimo chake kwa mtu mnene hakifuati kilo zote za mwili. Hukadiriwa kwa uzani unaolingana na urefu wake, kwani mafuta ya ziada hayampi mtu uwezo wa kubeba dawa zaidi. Mgonjwa aliye macho akihisi ladha ya chuma mdomoni, mvumo masikioni au midomo kuwasha, aseme mara moja. Ipo dawa ya mafuta maalumu inayodungwa kwenye mshipa kwa dharura hiyo, na chumba kinachotumia ganzi nyingi kinapaswa kuwa nayo karibu.

Ukweli mmoja unaobadilisha mpango

Chukulieni mfano wa mama wa miaka 44 anayeuza nguo sokoni. Ni mfano tu, hausemi habari za mtu fulani. Ana kilo zile 118 na anameza dawa za shinikizo la damu. Kabla ya siku ya upasuaji, mtaalamu wa nusu kaputi anamuuliza, "Mama, huwa unakoroma?" Mama anacheka, anatazama chini, anasema hapana. Mumewe ameketi kando yake, naye ananyamaza ili asimwaibishe.

Iwapo mazungumzo yataishia hapo, mama huyu ataandikiwa dawa kama mtu asiye na tatizo la pumzi. Atalala kitanda cha mwisho wodini, na akikoroma usiku kila mtu atadhani amelala vizuri.

Lakini mume anakohoa kidogo na kusema, "Daktari, usiku mimi humwamsha. Pumzi hukatika." Kwa sentensi hiyo mpango wote unabadilika. Ganzi inapangwa mapema, mofini inapunguzwa, kitanda kinawekwa karibu na wauguzi, na kifaa cha kupima oksijeni kinafungwa kidoleni usiku kucha.

Kukoroma ni mzaha nyumbani, lakini kabla ya upasuaji ni habari ya kitabibu. Yapo maswali 8 yanayotumiwa katika nchi nyingi kutafuta tatizo hili, na kila mkazi anaweza kujiuliza:

1. Je, unakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango uliofungwa?
2. Je, mchana unajisikia mchovu au mwenye usingizi?
3. Je, kuna aliyewahi kuona pumzi yako ikikatika ukiwa usingizini?
4. Je, una shinikizo la damu au unatumia dawa zake?
5. Je, BMI yako imepita 35?
6. Je, umri wako umepita miaka 50?
7. Je, mzingo wa shingo yako umepita sentimita 40?
8. Je, wewe ni mwanamume?

Ukijibu "ndiyo" mara 3 au 4, hatari ni ya kati. Mara 5 au zaidi, hatari ni kubwa, na inafaa kumweleza daktari kabla ya upasuaji wowote. Mwenye mashine ya CPAP ya kumsaidia kupumua usiku aje nayo hospitalini.

Vilevile taja dawa zote unazotumia, za duka na za mitishamba, bila kusahau pombe, sigara na miraa. Ukiwahi kudhurika kwa dawa ya ganzi au ya usingizi, hata kama ni miaka 20 iliyopita, sema.

Kazi ya jamaa wodini

Jamaa anayekaa na mgonjwa ana kazi muhimu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, kwa kuwa kulala chali kabisa hubana pumzi. Mgonjwa akiulizwa maumivu yake kwa kipimo cha 0 hadi 10, ajibu mwenyewe na kwa ukweli. Asipewe dawa ya usingizi wala ya maumivu iliyoletwa kutoka nyumbani. Ikiwa ana mashine yenye kitufe cha kujipa dawa ya maumivu, ni yeye peke yake anayeruhusiwa kukibonyeza, kwa sababu mgonjwa aliyezidiwa na usingizi hawezi kubonyeza, na huo ndio usalama wake. Na mgonjwa akikoroma kisha akanyamaza bila kuvuta hewa, au akawa mgumu kuamka, muuguzi aitwe bila kungoja.

Baada ya kurudi nyumbani, hasa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo, asinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kumuuliza daktari wake. Dawa hizo zinaweza kuleta vidonda pale palipounganishwa.

Kwa wasio na mpango wa upasuaji huu

Wengi waliofika leo hawatapasuliwa ili kupunguza uzani. Lakini mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kuhitaji upasuaji wa ngiri, wa kibofu cha nyongo au wa kujifungua wakati wowote, na pumzi yake itakuwa katika hatari ile ile. Ushauri huu unamfaa yeye pia.

Na kwa anayefikiria upasuaji wa kupunguza uzani, kabla ya kulipa chochote, aulize hospitali maswali haya. Nani atanilaza usingizi, na amezoea wagonjwa wa uzani wangu? Mtatumia ganzi ya aina gani? Nani atanitazama usiku wa kwanza, na kwa kifaa gani? Nikipata shida usiku, nitapelekwa wapi? Hospitali iliyojiandaa itayajibu kwa furaha. Inayokwepa imejibu pia, kwa njia yake.

Kuuliza si ujinga, na kutaja kukoroma si aibu. Mume wa yule mama hakuwa daktari. Alisema tu kile alichokuwa akikisikia kila usiku.